Saa Mbili ya Nani?

Makindye, Kampala
11 Februari 2013

Kwako Guerschom, mwana wa marehemu kaka yangu Hippolyte,

Salamu kutoka nyumba hii ambayo bado ina paa. Hatujambo. Binti yangu Princesse angali anasuka nywele za wanafunzi kule Wandegeya, na angali anachumbiwa na yule mwanamume asiyemaliza sentensi. Mbuzi wa jirani amekula kitenge changu cha Pasaka, jirani anasema nilikianika chini mno. Wewe je? Huko Nairobi unakula, au bado unakunywa kahawa na kuiita chakula?

Sasa nikueleze lililonikalisha hapa na kalamu. Daktari amelitazama tena koo langu kwa ule mpira wake wenye taa. Uvimbe utaondolewa mwezi wa sita, na sauti itaondoka nao. Nitaishi, anasema, ila sitasema tena. Aliniambia kama muuza duka anayemwambia mteja kwamba sukari imekwisha. Mimi, Pélagie! Mimi ambaye tangu tukimbie vita kule Butembo nikapanda mlima huu, hakuna aliyezaliwa, aliyekufa wala aliyepotelewa na mtoto bila kupita mdomoni mwangu. Wenyeji wanauita kizindaalo, ule mlingoti wangu wenye spika nne. Mlingoti ni mti tu. Kizindaalo ni mimi.

Ndiyo maana niliikubali mashine yako. Nilijifungia chumbani, nimejifunika blanketi kama mgonjwa wa malaria, nikarekodi kila tangazo: la kuamsha watu alfajiri, la watoto waliopotea jioni, la ibada, la Krismasi, la Mwaka Mpya. "Shangazi," uliniambia, "hata ukinyamaza, mnara utasema kwa sauti yako na kwa saa yake." Nilikuamini kwa sababu una digrii.

Ijumaa umeme ulikatika. Uliporudi, mnara ukapaza sauti yangu mlima mzima: "Heri ya Mwaka Mpya, watu wa Mungu, mmevuka!" Februari! Jana ukakatika tena, tukavuka tena. Vijana wa bodaboda wananisalimia, "Mama, hapi nyu iya! Leo pia sisi navuka?" Na Nashon, yule Mkenya anayeuza spika pale barabarani, ambaye anautaka mlingoti wangu tangu alipoanza kunisikia nikikohoa, ananiambia mbele ya wateja wake: "Mathe, hiyo mashine ya kijana yako huwa inakunywa nini?"

Itengeneze. Sitaki koo langu liondoke kisha jina langu libaki kuwa kichekesho.

Na utakuja lini? Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa.

Shangazi yako, ambaye bado anasema,
Pélagie


Nairobi
3 Machi 2013

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Princesse, na huyo mchumba pia, kama atamaliza kuitikia. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, dirisha lake linatazama ukuta, lakini ni ukuta msafi. Pole sana kwa habari za koo. Nimezisoma mara nyingi na sijui niandike nini.

Kuhusu mashine. Ndani ya kompyuta yoyote kuna saa mbili, si moja. Ya kwanza ni chipu ndogo yenye betri bapa kama sarafu. Hiyo inahesabu hata umeme ukiwa umekatika, kama mlinzi wa getini. Ya pili ni ya kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine yote, ambayo niliiandika mimi mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Kiini kikiamka kinamuuliza mlinzi saa ngapi, mara moja tu, kisha kinaendelea kuhesabu chenyewe.

Mlinzi akikosa betri naye analala. Akiamka hajui lolote, anaanzia tarehe mosi Januari, usiku wa manane kamili. Kwa hiyo mashine haijalewa. Imenyang'anywa betri. Nilikutumia ikiwa na betri, shangazi, nililiweka kwa mkono wangu. Waulize watu wa nyumba hiyo.

Ni kweli kwamba chipu ina alama ya kusema "nililala, msiniamini", na kiini hakikuitazama. Sasa kinaitazama. Ndani ya bahasha kuna kadi mpya. Ichomeke mahali pa ile ya kiini. Kadi ya sauti zako sijaigusa. Kuanzia sasa mlinzi akisahau, mashine itanyamaza na kuuliza kwenye kioo chake kidogo: SAA NGAPI SASA? Wewe utajibu kwa vitufe, yenyewe itamwandikia mlinzi jibu lako, basi. Hata mchumba wa Princesse anaweza.

Nashon mwambie auze spika zake. Mtu anayeunganisha waya kwa meno asinifundishe kazi.

Kuhusu kuja, kazi imebana.

Guerschom


Makindye
25 Machi 2013

Guerschom,

Hatujambo, mvua imeanza, barabara yetu imekuwa mto na mto umekuwa choo. Betri limepatikana. Princesse alilitoa akaliweka kwenye mizani yake ya kujipimia uzito, kwa sababu ya gauni la harusi. Anasema hakujua kwamba kitu kidogo vile kina kazi. Nilimwambia hata mchumba wake ni mkubwa na hana kazi. Hatusemezani tangu Jumapili, na kwa hali ya koo langu hiyo ni nafuu.

Nikanunua betri jipya, nikachomeka kadi yako. Mashine ikauliza. Nikajibu. Nikajiambia, kumbe mtoto amesoma kweli.

Kesho yake alfajiri, kimya. Nikakaa kitandani nikisubiri kujisikia, sikujisikia. Watu wakajiamkia wenyewe. Nikaenda sokoni kununua matooke, jua la mchana utosini, na hapo ndipo mnara ukaamka: "Amkeni, amkeni, jua linachomoza! Mama, washa jiko! Baba, osha uso!" Wauza samaki walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya bidhaa yake. Mwingine akanawa uso kweli kwa maji ya samaki, akanipigia magoti: "Nyabo, sasa mimi naamuka." Nilicheka nao. Ningefanya nini? Lakini nilipofika nyumbani nililia, na kulia kwenyewe kunauma kooni.

Na lile la watoto waliopotea, la saa kumi na mbili jioni, limelia watu wakiwa usingizini. Mtoto aliyepotea jana tulimtangaza wakati amekwisha kuogeshwa, kulishwa na kuchapwa.

Nashon amepeleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Anasema yuko tayari "kusaidia jamii". Mwenyekiti ananiheshimu, lakini naye analala juu ya mlima huu huu.

Sasa niambie, hii ni digrii ya nini hasa? Majogoo wenyewe huwika kwa wakati, na hawajaenda Nairobi.

Hujajibu swali langu la kuja. Nimeliona pengo hilo.

Pélagie, ambaye bado anasema asubuhi, mchana hapana


Nairobi
14 Aprili 2013

Shangazi,

Natumaini mmesemezana wewe na Princesse. Mimi nina mafua, mwenye nyumba ana mbwa, mengine ni yale yale.

Niambie ukweli. Mashine ilipouliza SAA NGAPI SASA, ulijibu nini? Maana nimehesabu kwa vidole na jibu ni moja tu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, umetoka kunywa chai, ukaandika 2:00. Sivyo?

Shangazi! Kwa kompyuta 2:00 ni usiku wa manane umepita, fisi wako kazini. Saa mbili asubuhi inaandikwa 8:00. Angalia simu yako. Angalia redio. Angalia saa ya ukutani kanisani, ile ambayo mnaitazama kila Jumapili na kusoma kingine kabisa kisichoandikwa pale. Dunia nzima inaanza kuhesabu usiku wa manane, ninyi mnaanza jua likitoka, kisha mnaikasirikia mashine. Nilifanya kazi miezi kadhaa kumfundisha mlinzi na kiini kuelewana, sikujua kwamba ningepaswa kumfundisha na shangazi yangu kusoma saa.

Lakini basi, nimekuhurumia. Kadi mpya hii hapa. Kila kiini kikiamka, kinachukua saa ya mlinzi, kinaongeza saa sita, kinamrudishia mlinzi ile iliyosahihishwa. Wewe andika 2:00 yako kwa raha zako. Nimemaliza.

Kazi bado imebana.

Guerschom, mwenye digrii


Makindye
6 Mei 2013

Msomi wangu,

Salamu. Princesse amenisamehe, harusi imesogezwa hadi Septemba, na mchumba amemaliza sentensi moja. Alisema, "Mama, mnara wako unatuua." Nikampa soda.

Nianze na lako la kwanza. Umeniuliza kwa Kiswahili, nimekujibu kwa Kiswahili. Ungetaka jibu la Kizungu, ungeuliza kwa Kizungu. Mtu akinisimamisha njiani akasema "saa ngapi sasa, mama", nimwambie saa nane na jua la asubuhi linamchoma usoni? Hata Waganda, ambao kwa mengi hatuelewani, kwenye saa mbili tunaelewana. Wewe uliyeliandika swali kwa lugha ya bibi yako ukiwa na kichwa cha watu wengine, wewe ndiye hujui kusoma saa. Hilo nimelimaliza.

Sasa lako la pili, hiyo huruma yako. Siku ya kwanza mnara uliamsha watu alfajiri, sawasawa. Nilisimama mlangoni kama bibi harusi. Kisha umeme ukakatika, na ulipokuja mashine ikaruka saa sita mbele. "Amkeni, jua linachomoza" ikalia usiku wa manane. Mama wa chapati aliwasha jiko, akakanda unga, akakaa na chapati zake gizani. Umeme ukakatika tena: tukaamshwa magharibi, watu wanarudi kazini. Ukakatika mara ya tatu: tukaamshwa adhuhuri. Mara ya nne ikarudi alfajiri, nikapiga vigelegele kwa koo hili hili, kumbe tarehe imeruka. Jumamosi mnara ukawaita watu kwenye ibada ya Jumapili, na wengine wakaenda, wamevaa vizuri, wakakuta kanisa lina kufuli. Sasa mimi, Mkristo niliyebatizwa, naomba Mungu umeme ukatike mara nne nne.

Mwenyekiti amekuja mwenyewe. Hakukaa. Alisema, "Mama Pélagie, mimi nakuheshimu sana, lakini watu wamechoka. Mara moja tena, mulingoti tunapatia Nashon." Nashon alisimama nyuma yake akitazama spika zangu jinsi mtu anavyotazama mbuzi wa sikukuu.

Upasuaji ni tarehe tatu mwezi ujao. Tayari nanong'ona. Kama mashine haitengemai kabla ya siku hiyo, Guerschom, nitaamka sina sauti kooni wala juu ya mlingoti. Nakwambia hivi kwa sababu naogopa. Umesikia? Naogopa.

Jana nilirekodi tangazo moja la mwisho, kwa hiki kinong'ono kilichobaki. Nimeliweka kwenye fungu la jioni. Sitakwambia ni la nini.

Pélagie


Nairobi
20 Mei 2013

Shangazi,

Salamu kwa wote. Sina habari za kuandika.

Nimelitafuta kosa, na lilikuwa jepesi kiasi cha kutia aibu. Umeme ukikatika kiini kinaamka upya. Kinamchukulia mlinzi saa ambayo kilikwisha kuisahihisha, kinaisahihisha tena, kinamrudishia. Ni kama kuitia chumvi mboga kila unapofunua sufuria. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza darasani, na ningemfukuza kwa Kiingereza.

Kadi hii ni tofauti. Mlinzi ana saa moja tu, ya dunia, isiyo ya Kampala, ya Nairobi wala ya Kiswahili. Hakuna anayeiongezea wala kuipunguzia. Kiini kikiamka kinamsoma mara mbili, na majibu yakilingana ndipo kinamwamini. Tafsiri inafanyika kwenye kioo peke yake, mtu anapouliza au kujibu. Na kioo sasa kinauliza: SAA NGAPI, NA NI ASUBUHI, MCHANA, JIONI AU USIKU? Ukiandika saa mbili asubuhi, ni saa mbili yako. Uliniuliza swali la haki na nilikujibu kwa kiburi. Niliichomoa na kuichomeka mashine kama hii hapa mpaka mwenye nyumba akadhani nina wazimu. Haikuruka.

Ichomeke kabla ya tarehe tatu. Tafadhali.

Sasa hilo la kuja, unaloniuliza tangu barua ya kwanza. Nitalijibu mara hii, kisha tusirudie. Siku ile ya baba nilikuwa natoka stendi na machungwa aliyoniagiza. Nikashuka kwenye boda chini ya mlingoti. Nikasikia sauti yako, juu, kubwa: "Hippolyte, mwana wa Katembo, ametutoka." Mlima wote uliambiwa, na mimi nikaambiwa pamoja na mlima, pamoja na wauza samaki. Machungwa sikujua nimpe nani.

Nimekutengenezea mashine ili mnara wako uendelee kusema. Usiniombe nije kuusikiliza.

Guerschom


Makindye
17 Juni 2013

Guerschom,

Hatujambo wote, na katika hao wote mimi ni bubu. Walikata walichokata. Nina tundu shingoni na kitambaa juu yake, napumua kwa hapo kama filimbi iliyopasuka. Princesse ananilisha uji na kunisemea kwa wageni, na anasema yasiyo yangu. Nimeanza kumpenda mchumba wake, kwa sababu sasa tunalingana.

Kadi yako tuliichomeka kabla sijaenda hospitali. Niliporudi nililala nikitazama dari, sijui kama ni usiku au mchana. Halafu nikasikia: "Amkeni, amkeni, jua linachomoza." Nikageuza shingo dirishani, na jua lilikuwa linachomoza. Nilisikia na kile kikohozi changu katikati, nilichosahau kukifuta. Juzi umeme ulikatika mara mbili kwa siku moja na mnara haukukosea. Mwenyekiti amemwambia Nashon akauze spika. Nashon alikuja kunisalimia, akaangalia mashine, akasema, "Hii sasa ni poa, Mathe." Sikuweza kumtukana. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kisu.

La baba yako. Nilikupigia simu, haikupatikana, ulikuwa njiani. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa, mwili haukusubiri. Nikapanda nikatangaza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoijua, na alikuwa kaka yangu, na sikutaka mtu mwingine amtaje kabla yangu. Sikujua u chini ya mlingoti. Ningejua, ningeshuka nikakushika mkono kwanza, mlima ungesubiri. Machungwa ungenipa mimi.

Sasa tangazo nililokuficha. Nilikuwa nimelirekodi kabla ya barua yako, usidhani ni kisasi. Linalia kila siku saa kumi na mbili jioni, na kwa saa yako mpya halikosei hata kidogo. Linasema hivi: "Mtoto amepotea. Anaitwa Guerschom, mwana wa Hippolyte. Ana miaka thelathini na miwili, ni mrefu, mbishi, anavaa miwani. Anajua saa ya dunia nzima, njia ya Makindye imemshinda. Atakayemwona amwambie chakula kiko mezani."

Vijana wa boda wamelishika kwa moyo, wanalisema pamoja nami. Mama wa chapati anamuuliza Princesse, "Bado hawajamupata huyo?"

Unaijua desturi ya mnara huu. Tangazo la mtoto aliyepotea halikomi mpaka apatikane, na ni yule aliyempoteza anayepanda kusema, "Amepatikana." Aliyempoteza ni mimi. Na mimi, kama unavyojua, sina sauti.

Pélagie


Nairobi
24 Juni 2013

Shangazi,

Habari za nyumbani kwangu hazifai kuandikwa, utanisomea usoni. Mwambie Princesse aandae kipaza sauti na asimpe mtu mwingine, hasa Nashon. Nitapanda mwenyewe kusema neno hilo. Nimelifanyia mazoezi mbele ya ule ukuta msafi na kila mara linanikwama, kwa hiyo mlima uvumilie.

Nimekata tiketi. Nafika Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Saa mbili yako.

Guerschom

Nakuja na machungwa.